Farasi wa porini, mpwa wangu, na ule mwaka mmoja wa kungojea karatasi



Juma lililopita, mwishoni mwa habari zetu, nilisema kwa kifupi kwamba mpwa wangu aliyeko Marekani anafundisha farasi wa porini bila kulipwa hata senti. Sikutarajia neno dogo namna ile lilete maswali mengi kuliko habari ya bei ya mafuta. Mzee mmoja aliniuliza kama Wazungu nao wana pori. Motari mmoja alitaka kujua farasi mmoja anauzwa dola ngapi. Na mama yangu mzazi, ambaye kijana huyo ni mjukuu wake, aliuliza kwa hasira: "Mtoto avuke ziwa, avuke bahari, afike kule awe mchungaji wa serikali bila mshahara?"

Leo nawajibu wote, na mama nitamjibu pamoja nanyi.

Kijana huyu ni mtoto wa dada yangu mdogo. Mwaka 2018 walikimbia Djugu usiku, wakavuka Ziwa Albert kwa mtumbwi, wakapokelewa Uganda katika makazi ya wakimbizi ya Kyangwali. Alikuwa na miaka sita. Baada ya kungoja miaka kadhaa, familia ilipata nafasi ya kuhamia Marekani, katika mji wa Boise, jimbo la Idaho, ambako Wakongomani si wachache. Sasa ana miaka kumi na minne.

Tangu usiku ule wa Djugu alikuwa mtu wa maneno machache. Si bubu. Ukimuuliza anajibu, na shuleni anafanya vizuri. Lakini ukimkaribia kutoka nyuma bila yeye kujua, anaruka kama aliyeguswa na moto. Dada yangu alijizoeza kukohoa kabla ya kuingia chumbani kwake. Wengi wenu mna mtoto wa namna hiyo nyumbani, kwa hiyo sina haja ya kueleza zaidi.

Mwaka jana rafiki yake wa shuleni alimwalika shambani kwa babu yake. Babu huyo na mkewe wanajitolea kufundisha farasi na punda wa porini, na mjukuu wao yuko katika chama cha vijana kinachoitwa 4-H, jina linalosimama kwa maneno manne ya Kiingereza yenye maana ya kichwa, moyo, mikono na afya. Vijana wa chama hicho huko Idaho huchukua farasi wadogo kutoka katika mazizi ya serikali, huwazoesha watu, kisha farasi hao hutafutiwa wenyewe wapya. Mpwa wangu alikwenda kutazama. Tangu siku ile anakwenda kila Jumamosi.

Sasa nimjibu yule mzee aliyeuliza kuhusu pori. Ndiyo, mzee, lipo. Magharibi ya Marekani kuna ardhi kavu ya serikali, kubwa sana, yenye mawe, vichaka na majani mafupi. Humo wanaishi farasi na punda wasio na mwenyewe. Mababu zao waliletwa na Wahispania kuanzia karne ya 16, na wengine walitoroka au kuachwa baadaye na wafugaji na wanajeshi. Punda hasa waliachwa na wachimba madini. Mtu wa Mongbwalu ataelewa haraka: machimbo yakikauka watu wanahama, na kilichokuwa kinabeba mzigo kinabaki. Tena punda hao asili yao ni huku kwetu Afrika. Punda wote wa kufugwa duniani walitokana na punda mwitu wa kaskazini mashariki ya bara letu, na wachache walio mwitu kabisa bado wanaishi Ethiopia na Eritrea.

Kwa miaka mingi hakuna aliyewalinda. Mwaka 1950 mama mmoja wa Nevada, Velma Johnston, aliyekuwa katibu wa ofisi, alikuwa akiendesha gari kwenda kazini akaona damu ikidondoka kutoka katika lori lililokuwa mbele yake. Akalifuata. Ndani mlikuwa na farasi wa porini waliojeruhiwa, wanapelekwa kuchinjwa. Wakati ule watu waliwawinda kwa ndege na magari, nyama yao ikawa chakula cha mbwa. Mama huyo, ambaye polio ilimpata utotoni, akaanza kuandika barua na kusema mikutanoni. Watoto wa shule nao wakawaandikia wabunge. Mwaka 1959 ikapita sheria ya kukataza kuwawinda kwa ndege na magari, na tarehe 15 Desemba 1971 Rais Richard Nixon akatia sahihi sheria ya kuwalinda farasi na punda wa porini katika ardhi ya serikali.

Ulinzi ukaleta shida nyingine: wakaongezeka. Ofisi inayosimamia ardhi hiyo, ambayo kwa kifupi huitwa BLM, inasema ardhi yao inaweza kulisha wanyama kama 25,500 hivi. Makadirio ya mwaka 2025 yalikuwa zaidi ya 70,000. Kundi likiachwa linaweza kuwa mara mbili kwa miaka minne au mitano. Basi serikali huwakusanya, mara nyingi kwa kuwafukuza na helikopta, na kuwaweka katika mazizi na malisho ya kukodi. Mwaka huo walioko humo walikuwa zaidi ya 60,000. Wapo wananchi wa kule wanaopinga helikopta hizo kwa nguvu, na wapo wafugaji wa ng'ombe wanaosema farasi wanamaliza majani. Ugomvi wa malisho, ndugu zangu, hauko Ituri peke yake.

Kundi la Idaho lilipata pia balaa la moto. Mwezi wa nane mwaka 2015 moto uliitwa Soda uliunguza karibu ekari 280,000 katika mpaka wa Idaho na Oregon. Majani yakaisha. Farasi waliopona ilibidi waondolewe, kwa sababu mahali pao hapakuwa na kitu cha kula.

Farasi akifika zizini hupigwa alama upande wa kushoto wa shingo. Hawatumii chuma cha moto. Wanatumia chuma kilichopozwa kwa baridi kali sana, na manyoya ya mahali pale huota meupe. Alama hiyo inaeleza kwamba ni mnyama wa serikali, mwaka aliozaliwa, na namba yake. Atakaa nayo mpaka afe.

Hapo ndipo wanapoingia watu wa kujitolea. Farasi asiyezoea mtu hakuna anayetaka kumchukua, na asiyechukuliwa atazeekea zizini. Aliyekubali kuguswa, kufungwa hatamu na kuongozwa anapata nyumba kwa urahisi zaidi. Kazi hii inafanywa na wastaafu, vijana, walimu na wakulima. Hata katika gereza la Carson City, Nevada, wafungwa wanafundisha farasi hawa, na baadhi ya farasi wao wamechukuliwa na polisi wa mpakani.

Sasa niwaambie namna kazi inavyofanyika. Haya yote nimeyapata kwa mpwa wangu mwenyewe, kwa ujumbe wa sauti. Mtoto wa maneno machache alianza kunitumia ujumbe wa dakika tano, dakika sita. Nilikuwa namaliza mega zangu kuupakua, na sikulalamika.

"Siku ya kwanza sikufanya kitu, mjomba," alisema. "Nilisimama tu."

Farasi aliyekabidhiwa wale vijana wawili alikuwa jike la mwaka mmoja, rangi ya udongo. Alikimbia kuzunguka zizi la duara mpaka akalowa jasho. Farasi ana macho pembeni ya kichwa, anaona karibu pande zote, isipokuwa sehemu ndogo mbele kabisa ya uso na nyuma ya mkia. Ni mnyama wa kuliwa. Huko milimani wako simba wao, wanaovizia na kurukia. Ndiyo maana akiona asichokijua anakimbia kwanza, na kufikiri baadaye.

Babu aliwapa wale vijana kanuni moja. Unapiga hatua kuelekea bega lake, si uso wake. Akikakamaa, unasimama. Unangoja. Akigeuza hata sikio moja upande wako, unarudi nyuma hatua mbili.

"Kwa nini nirudi nyuma wakati ndiyo ameanza kunitazama?" mpwa wangu aliuliza.

Babu akamwambia kwamba hapo ndipo farasi anapolipwa. Hakulipwa nyasi wala sukari. Amelipwa nafasi. Amejifunza kwamba akikutazama, wewe hutamrukia. Ukiendelea kumfuata kwa kuwa ameonyesha udhaifu kidogo, amejifunza kinyume chake, na kesho itabidi uanze mwanzo, tena ukiwa na deni.

Kwa siku kadhaa ilikuwa hivyo: hatua mbele, kusimama, kurudi. Kisha walitumia mwanzi mrefu. Wengine watafikiri ni wa kuchapa. Ni wa kugusia. Wewe uko mbali, farasi anajua ana njia ya kukimbilia, na ncha ya mwanzi inamkuna begani mahali ambapo farasi wenzake humkuna. Anashtuka, anakimbia, anarudi. Siku inayofuata unaushika mwanzi karibu kidogo na ncha, na siku nyingine karibu zaidi, mpaka siku moja kinachomgusa ni mkono wako. Ilipofika siku hiyo jike lile lilishusha kichwa, likaanza kulamba midomo na kutafuna hewa. Hiyo ni dalili kwamba mwili umelegea. Mpwa wangu alinitumia ujumbe saa nane za usiku kwa saa zetu, akisahau kwamba huku tumelala.

Baada ya mkono ni hatamu ya kamba, na baada ya hatamu ni kuongozwa. Kisha kwato. Lazima akubali kila mguu unyanyuliwe, kwa sababu kwato zisipokatwa atakuwa kiwete. Kumpa mtu mguu, kwa mnyama ambaye kinga yake yote ni kukimbia, si jambo dogo. Na mwisho ni kuingia katika trela. Hapo walikwama karibu majuma mawili. Mara ya mwisho jike lile kuingia katika sanduku lenye giza na sauti ya injini ilikuwa siku alipotolewa kwao. Wale vijana waliacha trela wazi zizini, wakaweka nyasi mlangoni, kesho yake ndani kidogo, kesho kutwa ndani zaidi. Hakuna aliyemsukuma. Aliingia mwenyewe asubuhi moja wakati watu wote wanakunywa chai.

Kuna jambo moja ambalo dada yangu alilisikia akanyamaza. Kule wana sheria kwamba ukipita nyuma ya farasi unaongea, na mkono wako unabaki mgongoni mwake, ili ajue uko wapi na hasa kwamba ni wewe. Ni kile kikohozi chake cha mlangoni. Mpwa wangu alikuwa akiongea na lile jike nusu saa nzima, tena kwa Kiswahili, kwa kuwa alisema Kiingereza chake kinatoka kwa haraka mno na kinamshtua. Basi yuko farasi mmoja wa serikali ya Marekani ambaye anaelewa "pole pole" na "simama".

Hilo la kuongea na mnyama lilimkumbusha jirani yangu mmoja, mzaliwa wa Haut-Uélé, habari za wazee wake. Wakati wa ukoloni, huko Gangala na Bodio kando ya mto Dungu, palikuwa na kituo cha kufuga tembo wa porini ili wavute magari na kulima. Wachungaji wa tembo waliwaimbia jioni ili kuwatuliza waliokamatwa karibuni. Kazi ile iliamriwa na wakubwa, haikuwa ya kujitolea, na kukamatwa kwenyewe kulikuwa kwa kamba na nguvu. Lakini sauti ya mtu ilihitajika hata kule. Watu wa nchi hii walijua jambo hilo zamani.

Punda wana tabia yao. Mke wa yule babu ndiye anayewashughulikia, na mpwa wangu humsaidia kubeba maji. Farasi akiogopa anakimbia. Punda akiogopa anasimama. Watu humwita mkaidi. Yule mama anasema punda amesimama ili afikirie, na ukimvuta atakuvuta. Kwa hiyo yeye huingia zizini, anageuza ndoo, anaikalia na kusoma kitabu chake. Hamtazami punda. Siku ya kwanza punda yuko kona ya mbali. Siku ya tano anakuja kunusa kofia. Aliyekuja mwenyewe, anasema mama yule, harudi nyuma tena kwa urahisi.

Mama yangu, swali lako la mshahara jibu lake ni hili. Mjukuu wako halipwi. Lakini dada anasema sasa mtoto anakula mezani huku anasimulia, na juzi aliingia jikoni akamkuta amempa mgongo, akamgusa begani, na mtoto akageuka tu, hakuruka. Ukipata mtu wa kuuza hicho sokoni, uniambie bei.

Na wewe motari: bei ya kuanzia ni dola 125. Farasi aliyefundishwa mara nyingi hupanda zaidi katika mnada. Lakini pesa peke yake haitoshi. Anayetaka kumchukua lazima awe na miaka 18, asiwe aliwahi kuhukumiwa kwa kutesa wanyama, na awe na zizi linalokubalika: kwa farasi mkubwa asiyezoea watu ua uwe na futi 6, kwa punda futi 4 na nusu, pawepo kivuli, maji na chakula.

Na hata ukitimiza yote hayo, farasi si wako bado. Unamchukua nyumbani, unamlisha, lakini kwa mwaka mzima anabaki mali ya serikali. Ndani ya mwaka huo wakaguzi wanaweza kuja kutazama. Ukiisha, unapeleka ushuhuda uliotiwa sahihi na daktari wa mifugo au mtu mwingine anayekubalika kwamba mnyama ametunzwa vizuri. Hapo ndipo unapewa karatasi ya umiliki. Ukimtesa, anachukuliwa. Si kwamba kila kitu kinakwenda sawa. Wapo farasi ambao baada ya karatasi waliuzwa na kuishia pabaya, na watu wa kule wanalipigia kelele. Ila sheria angalau inataka mtu mwingine athibitishe kwamba mnyama yu salama.

Niliyasimulia haya katika kikundi cha wasikilizaji, katika moja ya kambi za hapa mjini. Mama mmoja mwenye watoto watano akanikatiza. "Mwandishi," alisema, "sisi si farasi."

Ana haki. Mtu aliyepigwa namba, aliyepangwa mstari, aliyepakiwa katika lori, hapendi kusikia hadithi ya wanyama waliotendewa hivyo hivyo. Nilimwambia sikuja kufananisha. Farasi hajui aliyemfukuza, hana shamba aliloacha, hana kaburi la mume. Nilikuja kujibu maswali ya watu kuhusu mtoto wa dada yangu. Wengine wakacheka, tukaendelea, nikafika katika ule mwaka mmoja.

Hapo kukawa kimya. Kila mtu pale anajua jamaa waliorudishwa kijijini. Lori linakuja asubuhi, mnapewa turubai, sufuria, unga wa majuma machache, na picha inapigwa. Waliowapeleka wanaandika kwamba familia kadhaa zimerudi. Baadaye hakuna anayepanda tena mlima ule kuuliza kama mvua imeingia ndani, kama mtoto amekubalika shuleni, kama shamba bado liko mikononi mwa mwenyewe, kama mnalala usiku. Nimeripoti marejeo ya namna hiyo mara nyingi. Mara chache sana nimeitwa kuripoti ziara ya baada ya mwaka.

Yule mama akainua mkono tena. "Nimesema sisi si farasi, na nitasema tena," alisema. "Lakini huo mwaka mmoja, andika kwamba tunautaka."

Nimeandika.

Lile jike la rangi ya udongo lilipata nyumba mwezi wa nane mwaka jana, kwa familia yenye shamba umbali wa saa mbili kutoka Boise. Mpwa wangu ndiye aliyemwongoza kuingia katika trela. Dada anasema hakulia mbele za watu, alilia nyumbani. Sasa yuko na punda, na yule mama wa ndoo anamfundisha kukaa bila kufanya kitu, jambo ambalo anasema ni gumu kuliko farasi. Anahesabu pia miezi, kwa sababu mwezi wa nane mwaka huu karatasi ya lile jike itatolewa, na wenyewe wamemwahidi atakuwapo.

Nami nawaomba ninyi mliorudi vijijini mwaka jana, mahali popote mlipo: nitumieni ujumbe, wa maandishi au wa sauti, mniambie tarehe mliyofikishwa, na ni nani amerudi kuwatazama tangu siku hiyo. Kama ni shirika, semeni. Kama ni mchungaji, padri, sheikh au jirani wa zamani, semeni pia. Na kama hakuna, hilo nalo ni jibu. Nitayasoma yote hapa, bila majina yenu.